Ramani za Tahadhari ya Dhoruba

Ramani za tahadhari ya dhoruba ni michoro ya nchi ambayo wajuzi wa hali ya hewa huitia rangi ili kuwabainishia watu, kabla ya maafa kuwafika, panapohofiwa upepo mkali, mvua kubwa au mawimbi, na madhara yanayoweza kufuata. Nchini Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, nazo hutazama siku tano mbele: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Msomaji asidhani kwamba rangi hupima nguvu ya upepo peke yake. Hupatikana kwa kukutanisha mambo mawili, yaani uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake kwa wanaadamu na mali zao.

Tufani za bahari zimeipiga pwani mara chache, hususan Unguja mwezi wa Aprili 1872, zilipoangamia merikebu na mashamba ya mikarafuu, Lindi mwaka 1952, na Mafia, kilipofika kimbunga Hidaya tarehe 4 Mei 2024. Lakini Mwamapalala, kata ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, iko mbali na bahari, tena karibu na Ikweta, ambako vimbunga vya namna hiyo ni nadra kuzuka. Hata hivyo, kimbunga kilichosimama katika Mlango wa Msumbiji huweza kugeuza mwendo wa pepo zichukuazo unyevu hadi bara, na mkulima wa pamba akaona mvua zimezidi au zimekatika.

Kwa Mwamapalala, hatari iliyo karibu zaidi ni dhoruba za radi na mvua ya mawe. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, huko Mwakata, Kahama, katika mkoa jirani wa Shinyanga, mvua ya mawe iliangusha kuta za udongo juu ya watu waliolala, wakafariki zaidi ya 40. Ramani hutaja mkoa, haitaji kitongoji wala haijui ukuta wa nani umelowa chini. Ilimu hiyo anayo mwenyeji. Basi inapotangazwa tahadhari kwa Simiyu, mwenye nyumba ya matofali mabichi na awahamishe watoto wake mapema, jua lingali juu, wakalale kwa jirani mwenye ukuta madhubuti.