p53: Soja wa Ini Lako, na Vile Mahindi Mabovu Humtoa Kazini

Mse wa Komarock, gunia la mahindi likishuka na Kangundo Road kutoka ocha, wewe huangalia bei na uzito. Angalia pia ukungu, juu hapo ndipo stori ya saratani ya ini huanzia.

p53 ni nani?
Ni protini iliyo kwenye seli zako, iligunduliwa 1979. Ichukulie kama soja wa geti. DNA ikiharibika, p53 husimamisha seli isijigawe hadi irekebishwe. Ikishindikana, huiamuru ijiue. Ndio maana inaitwa protini ya kuzuia uvimbe.

Anatolewaje kazini?
Mahindi yakiwekwa na unyevu, kuvu aina ya Aspergillus flavus humea na kutoa sumu ya aflatoksini. Ukiila, ini likijaribu kuisafisha huigeuza kemikali kali inayong'ang'ania DNA. Mwaka 1991, watafiti waliopima uvimbe wa wagonjwa wa China na kusini mwa Afrika walipata jeni ya p53 imeharibika mahali pamoja, namba 249: herufi G imekuwa T. Herufi moja tu, na soja amelala. Seli mbovu hujigawa bila kuulizwa, na miaka mingi baadaye ni uvimbe.

Ukiwa pia na virusi vya hepatitisi B, ni noma zaidi. Virusi huumiza ini kila siku, seli hujigawa mbio kuziba vidonda, na kosa lile linasambaa. Hapa hatari haijumlishwi, inazidishwa.

Kwani iko Kenya?
Iko. Mwaka 2004, aflatoksini iligonga Makueni, Kitui na majirani: wagonjwa 317, wakafa 125. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mpigo. Saratani huja na dozi ndogo ndogo za miaka, na hausikii uchungu mapema.

Ufanye nini?
- Usitegemee moto. Kupika ugali ama githeri hakumalizi aflatoksini.
- Kabla ya kupeleka kisiagi, chambua. Toa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi ama kutobolewa na wadudu. Usizipee ng'ombe, sumu hurudi kwa maziwa.
- Weka gunia juu ya mbao, mahali pakavu, si kwa sakafu.
- Pima hepatitisi B. Watoto wa Kenya huchanjwa wakiwa wiki 6, 10 na 14, lakini chanjo hiyo iliingia ratiba mwishoni mwa 2001. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, pengine hukuipata. Ukipatikana hauna virusi, uliza daktari kuhusu chanjo ya watu wazima.

Soja akishalala, kumuamsha ni ngumu. Kumlinda ni rahisi, na inaanzia kwa ungo.