Usisubiri mlangoni: kutoka reli ya Lobito hadi diski za kompyuta



Siku moja, saa ya kusoma majina ya watu wanaotafuta ndugu zao, kompyuta ya studio iliganda. Orodha ilikuwa ndani ya diski. Niliomba ifunguliwe, haikujibu, na haikukubali nifanye kazi nyingine yoyote. Nikaweka muziki kwa simu mpaka kipindi kikaisha. Kesho yake mama mmoja akanikuta njiani: "Papa, mulikatala jina ya mutoto wangu?" Hatukulikataa. Lilikuwa linangoja. Fundi alinieleza sababu, nami nikaona kwamba historia yake inafanana na historia yetu.

Tuanze na reli. Tangu mwaka 1931 shaba ya Katanga ilikuwa na njia ya kwenda baharini kupitia Dilolo mpaka bandari ya Lobito, Angola. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga. Mzigo ukabaki na njia za kusini au njia ya ndani ya nchi: treni hadi Ilebo, meli mtoni hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Kila mahali mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Mgodi unategemea kiwanda, kiwanda kinategemea wagoni, wagoni inategemea reli, reli inategemea bandari. Ngazi moja ya chini ikinyamaza, zote za juu zinasimama. Lakini mkuu wa gare akiambiwa mapema, "Kwa sasa haiwezekani," anaweza kupeleka wagoni zake kwingine.

Ndani ya kompyuta ni vilevile. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika maabara ya Bell huko Marekani, walianza kutengeneza UNIX. Humo, programu ikiomba kusoma kitu, inalazwa usingizi mpaka jibu lifike. Baadaye ikawepo alama ya kusema "usinifanye ningoje", lakini kwa mafaili ya diski haikuwa na kazi. Diski ilihesabiwa kama kitu kinachojibu upesi siku zote.

Kisha diski zikaanza kupangwa ngazi kwa ngazi. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza RAID, yaani kuunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, ili ikiharibika moja habari zisipotee. Mwishoni mwa mwaka 2003, toleo la Linux 2.6 lilikuja na mfumo wa kujenga diski juu ya diski: ngazi moja inafunga habari kwa ufunguo, nyingine inagawa nafasi, nyingine inaunganisha. Unachokiona kama diski moja kina safari ndefu chini yake, kama shaba iliyopitia Ilebo.

Mwaka 2017 Linux ilipata alama ya "usisubiri" inayofanya kazi kwa mafaili ya diski. Maana yake: kama jibu haliko tayari, niambie sasa hivi, nitajaribu tena. Mwaka 2019 Jens Axboe akaleta io_uring. Programu inaacha maombi yake kwenye mlolongo mmoja, inaendelea na kazi, kisha inachukua majibu kwenye mlolongo wa pili.

Tatizo likabaki katikati. Ngazi moja isipoelewa alama ile, ombi linakabidhiwa kwa msaidizi wa kungoja, na msaidizi huyo anagharimu muda na nguvu za mashine. Desemba 2020, katika Linux 5.10, ngazi za diski juu ya diski zilianza kufundishwa, kwanza ile iliyo rahisi kuliko zote. Machi 2022, katika Linux 5.17, ikafuata RAID. Kanuni yake ni hii: ngazi ya juu haiwezi kuahidi "sitakufanya ungoje" kama zote zilizo chini yake hazijaahidi hivyo.

Tusidanganyane: alama hii haiongezi mbio za diski, kama vile simu kutoka bandarini haifungui bandari. Inachofanya ni kumrudishia mwombaji uhuru wa kufanya kazi nyingine. Na programu isiyojua la kufanya ikiambiwa "jaribu tena" itakwama tu.

Sahani za diski ngumu hupakwa aloi yenye kobalti, madini ambayo nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya yote yanayochimbwa duniani. Udongo wa kwetu umo ndani ya mashine hizi. Si vibaya sisi pia tujue zinavyofanya kazi.

Studio yetu sasa ina orodha mahali patatu: kwenye diski, kwenye kifaa kidogo cha pembeni, na kwenye karatasi. Moja ikinyamaza tunasoma nyingine. Zote zikishindwa, tunasema hewani: "Majina hayajafunguka, tutayasoma jioni." Kwa anayetafuta mtoto, kimya kinasikika kama kukataliwa. Yule mama angeambiwa tu "bado", angelala akijua kwamba jina la mtoto wake liko kwetu.