Matibabu ya saratani ya utumbo mpana iliyosambaa

Saratani ya utumbo mpana iliyosambaa ni saratani iliyoanza katika utumbo mpana au puru, kisha ikafika kwenye viungo vya mbali. Hiyo ni hatua ya nne ya ugonjwa huo. Mara nyingi huenea kwenye ini, kwa sababu damu nyingi inayotoka kwenye utumbo hupitia huko.

== Matibabu ya kuponya ==
Hulenga kuondoa saratani yote. Yanawezekana kwa wagonjwa wachache, hasa wenye vivimbe vichache kwenye ini au mapafu vinavyoweza kukatwa vyote. Ini lenye afya hukua tena baada ya sehemu yake kuondolewa. Wakati mwingine dawa kama fluorourasili na oksaliplatini hutangulia ili kupunguza uvimbe mpaka uweze kukatwa. Hata hivyo, saratani inaweza kurudi.

== Tiba shufaa ==
Hulenga kupunguza mateso, pengine na kurefusha maisha, bila kutarajia kuponya. Hutumia dawa za saratani, mionzi ya kutuliza maumivu au kuzuia kutokwa damu, upasuaji wa kufungua njia ya kinyesi tumboni utumbo unapoziba, na mofini kwa maumivu makali.

== Uhusiano wake ==
Tiba shufaa si ya siku za mwisho tu: inaweza kuanza mara ugonjwa unapotambuliwa, sambamba na matibabu ya kuponya. Tena dawa zilezile hutumika kwa malengo yote mawili, hivyo jina la dawa pekee halimwonyeshi mgonjwa wala familia yake lengo la matibabu. Daktari ndiye anayepaswa kulieleza.