Bunduki za kuvulia samaki: Aina zake, jinsi ya kuziteua na msimamo wa sheria

Uvuvi wa bunduki ni uvuvi wa mtu mmoja na samaki mmoja. Mvuvi huvaa miwani ya kuzamia, huvuta pumzi, huzama na kumlenga yule anayemtaka, asiyemtaka humpita. Kwa sababu hiyo nchi nyingi huuhesabu miongoni mwa michezo, na maduka ya Marseille, Durban au Sydney huuza bunduki za kila urefu na kila bei, kiasi cha mnunuzi mgeni kutojua aanzie wapi.

Nchini Kenya hali ni nyingine kabisa. Bunduki hizi zilipigwa marufuku mnamo Novemba 2001 kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, sawia na nyavu za kukokota ufukoni zijulikanazo kama juya. Hivyo basi, maelezo ya uteuzi yanayofuata yanamfaa Mkenya aliye ughaibuni katika nchi inayoruhusu uvuvi huu, pamoja na msomaji anayetaka kuelewa chombo ambacho kimezua mvutano mkubwa katika vijiji vya pwani.

Bunduki iliyoenea zaidi duniani ni ile ya mpira. Ina mtutu wa bomba la alumini, wa kaboni au wa mbao, kifyatulio upande wa nyuma, na mpira mnene uliofungwa karibu na mdomo. Mvuvi hukitegemeza kitako kifuani, huuvuta mpira kwa mikono miwili hadi unase kwenye pengo lililo juu ya mshale, kisha husubiri. Mpira huo huvutwa hadi kufikia mara tatu ya urefu wake wa kawaida, au zaidi kidogo. Nguvu yote ya chombo imo humo, na ndiyo maana mpira uliopasuka kwa jua huifanya bunduki ya bei ghali kuwa fimbo tu.

Sifa kuu ya bunduki ya mpira ni ukimya na wepesi wa kuitengeneza. Mpira ukikatika hubadilishwa papo hapo baharini, bila fundi wala vifaa maalumu. Kasoro yake ni urefu: anayetaka nguvu zaidi hulazimika kuchukua mtutu mrefu zaidi, au kuongeza mpira wa pili.

Ya pili ni bunduki ya hewa. Ndani ya mtutu wake hujazwa hewa kwa pampu ya mkono, aghalabu hadi kanieneo ya takriban mara 20 ya ile ya kawaida ya anga. Mshale husukumwa ndani kupitia mdomo, ukaisukuma pistoni na kuibana hewa hiyo zaidi. Bunduki ya hewa ya sentimita 50 huweza kushindana kwa nguvu na ya mpira iliyo ndefu kuliko hiyo, jambo linaloifanya ipendwe na wawindaji wa chewa katika mapango ya miamba, mahali ambapo mtutu mrefu haugeuki. Lakini ina mlio unaowashtua samaki walio karibu, na pete zake za kuzuia maji hulika kwa mchanga. Ikianza kuvuja, siku ya uvuvi imekwisha. Anayevua mbali na mji wenye vipuri afikiri mara mbili kabla ya kuinunua.

Bunduki za springi ya chuma, zilizokuwa na umaarufu katika siku za mwanzo za mchezo huu, hazistahili kuzungumziwa kwa marefu. Zina kelele na hupata kutu. Zile za kusukumwa kwa gesi iliyohifadhiwa kwenye mtungi nazo zina matatizo ya kisheria. Ufaransa, kwa mfano, huruhusu tu bunduki zinazopata nguvu kutokana na misuli ya mvuvi mwenyewe.

Katika miaka ya karibuni imejitokeza bunduki ya roda. Badala ya mpira kufungwa mdomoni, huzunguka juu ya roda mbili ndogo na kuendelea chini ya mtutu, hivyo kuvutwa katika masafa marefu zaidi. Matokeo ni kwamba bunduki fupi hufanya kazi ya bunduki ndefu, na haimpigi mvuvi teke kali mkononi. Ni chombo kizuri, ila hudai uangalifu wakati wa kukipakia na si cha mtu anayeanza kujifunza.

Kosa la wanunuzi wengi ni kuchagua bunduki kwa kufikiria samaki mkubwa kuliko wote wanayemwota. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni maji. Mshale hauwezi kupigwa mbali kuliko jicho linavyoona, na hata katika maji maangavu bunduki ya kawaida ya mpira huanza kupoteza nguvu mshale unapopita mita tatu au nne kutoka mdomoni. Mahali penye maji ya udongo, kama yalivyo ya Malindi wakati mto Sabaki unapofurika, mtutu wa sentimita 50 hadi 75 unatosha. Mrefu zaidi ni mzigo. Miambani penye mwanga wa wastani, sentimita 75 hadi 90 hutosheleza karibu mahitaji yote. Urefu wa sentimita 110 na kuendelea ni wa bahari wazi, anakotafutwa nguru au kolekole, samaki wasiomruhusu mtu kuwakaribia.

Isitoshe, maji hudanganya. Kwa anayetazama kupitia kioo cha miwani, samaki huonekana karibu zaidi kwa robo ya umbali wake halisi, na mkubwa zaidi kwa thuluthi. Wanagenzi hufyatua mapema, mshale ukaishia njiani, nao hurudi dukani kulalamikia bunduki.

Mshale na mpira sharti vilingane. Mishale mingi ina unene wa milimita 6 hadi 8. Mwembamba huenda kasi na kukata maji vyema, lakini ukisukumwa na mpira wenye nguvu kupita kiasi hupinda na kuyumba, ukakosa shabaha. Ndiyo sababu iliyowafanya mafundi wa Durban, miongoni mwao Rob Allen, kupata sifa kwa mitutu yenye reli, yaani mfereji unaoushika mshale kwa urefu wake wote. Kwa upande mwingine, wavuvi wa bahari kuu wa California hupendelea bunduki nzito za mbao kama msaji, kwa kuwa uzito huo hulimeza teke la mipira mitatu au minne.

Chembe cha mshale nacho kina maana yake. Chenye ulimi mmoja unaofunguka ndani ya nyama hufaa samaki wengi. Chembe chenye meno matatu au zaidi huwafaa samaki wadogo walio karibu, ila hugonga mwamba na kupinda. Kwa samaki mwenye nguvu, kamba ya mshale huunganishwa na boya linaloelea badala ya kuunganishwa na bunduki, ili samaki apambane na boya wala asimburute mvuvi kilindini.

Kuhusu usalama, kanuni mbili hazina mjadala. Bunduki hupakiwa ndani ya maji na kupakuliwa ndani ya maji, na mdomo wake haumwelekei mtu hata komeo la usalama likiwa limefungwa, maana komeo huharibika. Hata hivyo, hatari kuu kwa wazamiaji wa pumzi ni kupoteza fahamu kuliko kuchomwa na mshale. Anayepumua kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama huipunguza hewa chafu mwilini, nayo ndiyo humwashiria mtu kwamba anahitaji kupumua. Oksijeni humwishia bila onyo, mara nyingi akiwa mita chache tu kabla ya kuibuka. Kwa hivyo wavuvi huenda wawili, mmoja akizama na mwenzake akibaki juu akimtazama.

Sheria hutofautiana mno baina ya nchi na nchi. Ufaransa humkataza aliye chini ya umri wa miaka 16, na pia humkataza yeyote kuvua kwa bunduki akitumia mitungi ya hewa. Visiwa vya Bahamas vimekataza bunduki zenye kifyatulio na kuruhusu mkuki unaosukumwa kwa mpira wa mkononi peke yake. Huko, basi, swali la bunduki ipi bora halipo.

Halipo Kenya pia, japo kwa sababu nyingine. Bunduki za pwani ya kusini hazitoki dukani. Ni za mbao, zenye vipande vya mipira ya ndani ya magurudumu na chuma kilichonolewa. Hutumiwa hasa na vijana wasio na mtumbwi wala pesa za nyavu, wanaoogelea kutoka ufukoni wakitafuta pono, tafi na pweza. Wanaowatetea husema mshale humchagua samaki, tofauti na juya lizoalo hadi vifaranga. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mvuvi anayemfuata samaki aliyejificha hushika, hukanyaga na huvunja matumbawe, na watafiti waliolinganisha zana katika pwani ya Kenya waliiweka bunduki karibu na juya kwa uharibifu wa aina hiyo.

Kuna pia suala la kikande. Samaki huyu hula wale viumbe wa miiba wanaowachoma watu nyayoni. Kikande akiisha, viumbe hao huzaana, wakayatafuna matumbawe hadi mwamba ukalika. Tofauti huonekana kwa kulinganisha maeneo yanayovuliwa na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mnamo 1968 na ambamo uvuvi wa kila namna ni mwiko.

Miongoni mwa zana halali ambazo zimependekezwa kwa wavuvi wa pwani ni malema yaliyoachiwa upenyo mwembamba wa kuwatoa samaki wachanga. Majaribio yake yalionyesha kwamba samaki wakubwa hubaki ndani na wadogo huponyoka. Lakini malema kwa kawaida hutegwa kwa mtumbwi, na wengi wa vijana wa bunduki hawana mtumbwi.