Safari ya Kaizari hadi Darasani Kwetu

Mwanafunzi wa sekondari apewapo kifungu cha Shakespeare na kuambiwa akieleze kwa maneno yake mwenyewe, mara nyingi hutafuta Kiingereza kingine kilicho chepesi, akakiweka mahali pa kile cha kale. Akijaribu kukipitisha kwanza katika Kiswahili, huonekana amekimbia kazi. Twapenda kuonyesha ya kuwa historia ya tamthilia hizo yaikanusha dhana hiyo.

Tutazame habari za Kaizari. Plutarch aliandika maisha ya Kaizari, Brutus na Antony kwa Kiyunani. Mwaka 1559 Jacques Amyot aliyatoa kwa Kifaransa. Na mwaka 1579 Thomas North akayatoa kwa Kiingereza, akifuata Kifaransa cha Amyot. Kitabu cha North ndicho alichokitegemea Shakespeare alipotunga tamthilia yake yapata mwaka 1599. Basi hata huyo tumwitaye bingwa wa Kiingereza alikipokea kisa chake mikononi mwa wafasiri.

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata kusoma Makerere hapa Uganda kati ya 1943 na 1945, alitoa tafsiri ya tamthilia hiyo kwa Kiswahili. Mwaka 1969 ilitoka tena, imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi.

Jina hili la pili lastahili kupimwa. Katika Kiingereza mfanyabiashara wa Venisi ni mmoja, Antonio, akopeshaye watu bila riba. Mfasiri amewataja wengi, tena kwa neno lililovuma sana Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Hivyo Antonio na Shylock mla riba wametiwa katika kapu moja. Je, amekosea? Wako watakaosema ameliruka andiko. Wako watakaosema amefichua lililositirika ndani yake. Sisi twaona kwamba neno hilo moja laweza kuamsha darasa zima kuliko kurasa kumi za maelezo yaliyokaririwa.

Hali kadhalika, Antony asimamapo mbele ya maiti ya Kaizari humsifu Brutus kuwa mtu wa heshima, tena na tena, hata sifa ikageuka shutuma. Tumwulize mwanafunzi: tuseme mheshimiwa, au mwungwana? Uheshimiwa mtu hupewa kwa cheo. Uungwana huonekana katika mwenendo. Ni lipi kati ya hayo mawili Antony analolibomoa? Mwanafunzi hawezi kujibu asiporudi kwenye kifungu kutafuta ushahidi, na huko kurudi ndiko kufasiri.

Wala hatusemi kila mtu aeleze apendavyo. Atakayelitetea neno mabepari hana budi kutujibu kuhusu fedha ya Antonio isiyo na riba. Asipoweza, ajue ameeleza mawazo yake mwenyewe, hakueleza tamthilia.

Mtihani utaendelea kudai jibu la Kiingereza, nasi hatuna ugomvi na hilo. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kushindana na kifungu kwa Kiswahili hufika kwenye karatasi ya mtihani akiwa na neno la kusema. Asiyeshindana nacho hufika na maneno ya mwalimu wake, na siku mwalimu hayupo hubaki bubu.