Ua wa minyaa na kalenda ya viota: somo kutoka Tabora

Ukiuliza mtandaoni ni lini upunguze ua wa miti bila kuharibu viota vya ndege, jibu litakalokuja haraka ni hili: usikate kuanzia Machi hadi Agosti. Sasa fikiria uko Cheyo, hapa Tabora mjini, ukalifuata neno kwa neno. Utakaa na panga lako kiangazi kizima, halafu ufyeke Novemba au Desemba, mvua zikiwa zimeanza na mayai yako ndani ya ua. Nia njema, matokeo mabaya.

Kalenda hiyo imetoka wapi? Imetoka Ulaya. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1981, ni kosa kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinachojengwa au kinachotumika. Ujerumani inakataza ua usikatwe sana kati ya Machi 1 na Septemba 30. Kwao hicho ndicho kipindi cha joto na wadudu tele, yaani chakula cha makinda.

Huku kwetu, nyua ni za zamani kuliko sheria hizo. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, Burton aliandika juu ya vijiji vya Unyamwezi vilivyozungushiwa nyua za minyaa. Stanley naye aliziona mwaka 1871, wakati vita vya Mirambo vikiitikisa njia ya misafara. Ua ulikuwa ulinzi. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe, ukiingia machoni ni balaa, na mifugo huukwepa. Kumbe ngome ya watu ikawa pia mahali pazuri pa kiota: matawi yamesongamana na hakuna mtu anayependa kuyashika ovyo.

Wakoloni nao walizungumzia ndege, ila kwa hesabu nyingine. Mei 1900 mataifa yenye makoloni Afrika, Ujerumani na Uingereza zikiwemo, yalitia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki. Ulitaja tai mzoga, bundi na askarikoikoi kwa sababu ya manufaa yao, na ulitaka mayai ya mbuni yalindwe. Haukuwahi kuanza kutumika rasmi. Na shorewanda wa kwenye ua wako? Hakuwa na soko, hakutajwa.

Kwa hiyo kalenda ya ua wa Tabora hatuwezi kuirithi kwa mtu. Lazima tuisome kwenye mvua. Hapa tuna msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Mvua huleta majani na wadudu, na hata ndege wengi wanaokula mbegu huwalisha makinda wao wadudu. Tipitipi, ambaye pia huitwa dudumizi, hujificha vichakani na kuita sana mvua ikikaribia. Wengine huanza kujenga mapema, tangu Septemba. Shida ni kwamba mvua hiyohiyo ndiyo inayorefusha ua, na mwenye nyumba anaona umekuwa pori. Panga linatoka wakati mbaya kuliko wote.

Ufanyeje basi? Kazi kubwa ifanye Juni hadi Agosti, yaani ndani ya miezi ileile ambayo Ulaya inakataza. Hata hivyo usikate kwa kufumba macho, maana tetere anaweza kutaga karibu mwezi wowote. Simama kwanza dakika kumi, mbali kidogo. Ndege akiingia mara kwa mara sehemu moja, hasa akiwa na mdudu mdomoni, pale pana makinda. Acha sehemu hiyo pamoja na matawi ya pembeni yanayoificha, kata kwingine, rudi baada ya mwezi. Kwa shorewanda, kutoka yai hadi kinda kuruka huchukua kama wiki nne tu. Na kama ua umezuia njia wakati wa mvua, punguza machipukizi ya nje pekee, usiingie ndani.

Ukimlipa kijana akukatie, mwambie haya kabla hajaanza. Analipwa amalize, hakuna aliyemwambia aangalie.