Simulizi na Slaidi katika Ushawishi wa Umma: Mihadhara ya Taa ya Picha Kuhusu Kongo, 1904–1908

Ikisiri

Slaidi huchukuliwa kuwa zao la kompyuta, na simulizi ndani yake huhesabiwa kuwa pambo. Makala hii inapinga dhana hizo kwa kurejelea mihadhara ya taa ya picha iliyotolewa Uingereza na Marekani dhidi ya utawala wa Leopold II nchini Kongo. Kwa kutumia muundo wa simulizi wa Labov na Waletzky, pamoja na dhana za fanani na hadhira, makala inaonesha kwamba nguvu ya mihadhara hiyo ilitokana na simulizi iliyoachwa bila suluhisho ili hadhira iikamilishe. Aidha, inahoji gharama ya mbinu hiyo kwa msimuliwa aliyenyimwa sauti.

1.0 Utangulizi

Taa ya picha ni kifaa cha karne ya 17; Christiaan Huygens wa Uholanzi huhusishwa na umbo lake la awali la mwaka 1659. Kioo chenye picha kiliwekwa kati ya mwanga na lenzi, na picha ikaonekana ukutani ikiwa imekuzwa. Mbinu ya upigaji picha ilipoenea katika karne ya 19, vioo vilivyochorwa kwa mkono vilianza kupisha picha halisi, na taa ikawa chombo cha wahubiri, wasafiri na wanaharakati. Programu ya PowerPoint ilipoingia sokoni mwaka 1987 ilirithi neno slaidi kutoka katika utamaduni huo. Kwa hiyo, swali la namna simulizi inavyojenga ushawishi ndani ya slaidi lina historia ndefu kuliko kompyuta. Sura moja ya historia hiyo inaihusu Afrika moja kwa moja, nayo ndiyo inayochunguzwa hapa.

2.0 Takwimu Zisizo na Nyuso

Dola Huru ya Kongo, iliyotambuliwa na mataifa makubwa mwaka 1885, ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Hoja mojawapo yenye uzito dhidi yake ilikuwa ya kihesabu. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster, alibaini kwamba meli zilirudi Antwerp zikiwa zimesheheni mpira na pembe za ndovu, ilhali zilizokwenda Kongo zilibeba zaidi silaha na askari kuliko bidhaa za kubadilishana. Hitimisho lake lilikuwa wazi: mali hiyo hainunuliwi, inapatikana kwa kulazimisha watu kufanya kazi. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliyochapishwa mwaka 1904, ilitoa ushahidi wa mashuhuda, na Machi mwaka huohuo Jumuiya ya Mageuzi ya Kongo ikaanzishwa Liverpool.

Hoja ya Morel ilikuwa thabiti kimantiki, lakini ilidai msomaji mwenye subira. Orodha ya shehena haina mhusika, haina mahali pa kusimama, wala haina tukio. Kwa istilahi za balagha ya Aristotle, ilikuwa na nguvu ya mantiki pasipo mguso wa hisia. Mwanahistoria Kevin Grant amesisitiza kwamba mihadhara ya wamisionari, iliyoambatana na taa ya picha, ndiyo iliyoipa kampeni hiyo mwitiko mpana wa umma.

3.0 Slaidi ya Nsala

Tarehe 14 Mei 1904, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, mkazi wa kijiji cha Wala, katika kituo cha misheni cha Baringa. Nsala ameketi kwenye ukingo wa baraza akitazama kitanga cha mkono na wayo wa binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Picha hiyo ilichapishwa na Morel mwaka huohuo, kisha ikawa miongoni mwa slaidi zilizooneshwa katika mihadhara.

Jambo la kuzingatia ni kwamba picha yenyewe haisimulii. Mtazamaji asiyeambiwa kitu humwona mtu aliyeketi, ametulia, mbele yake pana vitu viwili vidogo. Hakuna moto, hakuna bunduki, wala hakuna mshambuliaji. Kilichoigeuza picha kuwa simulizi ni maneno ya mhadhiri: jina la baba, jina la mtoto, jina la kijiji, na sababu ya kifo. Picha ilitoa ushahidi. Lugha ilitoa uhusiano wa chanzo na matokeo.

Muundo wa Labov na Waletzky (1967) unalifafanua hili. Utambulisho wa mahali na wahusika ulitolewa na mhadhiri, vivyo hivyo mgogoro: madai ya mpira na shambulio la walinzi. Tathmini, yaani sehemu inayomweleza msikilizaji kwa nini kisa kinastahili kusimuliwa, ilibebwa na utulivu wa Nsala mwenyewe, na mhadhiri hakuhitaji kuongeza kivumishi. Kipengele kimoja kilikosekana, nacho ni suluhisho. Muuaji hakuonekana akiadhibiwa, wala mpira haukukoma kukusanywa.

4.0 Fanani, Hadhira na Azimio

Pengo hilo ndilo lililokuwa kiini cha ushawishi. Waliporejea kutoka Kongo, Alice Harris na mumewe John walitoa mihadhara mingi Uingereza, na mwaka 1906 walizuru Marekani. Kampuni ya Riley Brothers ya Bradford ilitoa seti ya slaidi 60 pamoja na matini ya kusomwa, hivyo hata mzungumzaji ambaye hakuwahi kufika Kongo aliweza kuendesha mkutano. Mikutano ya kampeni ilipitisha maazimio ya kuitaka serikali ichukue hatua. Kimuundo, azimio lilikuwa hatua ya mwisho ya simulizi: hadhira iliombwa kuandika suluhisho ambalo slaidi haikuwa nalo.

Mtafiti wa fasihi simulizi ya Kiswahili hatashangazwa na jambo hili. Fanani anapoita "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", panafungwa mkataba kwamba kisa ni mali ya pande zote mbili. Hata hivyo, ngano hukamilika kinywani mwa fanani. Mhadhara wa Kongo ulikusudiwa kukamilika nje ya ukumbi. Novemba 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa Leopold. Slaidi hazikuwa sababu pekee, kwani diplomasia na siasa za ndani za Ubelgiji zilichangia, lakini zilisaidia kuufanya ukimya wa serikali kuwa mgumu.

5.0 Vijiti vya Lontulu

Mafanikio hayo hayaondoi swali la msingi: nani alikuwa fanani? Nsala alionekana katika kumbi nyingi, lakini hakusikika katika hata mmoja. Alikuwa mhusika wa kisa kilichosimuliwa na wengine, kwa lugha ya wengine, mbele ya hadhira ambayo haikuwa na njia ya kumuuliza neno.

Ulikuwapo mfano mwingine. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Leopold mwaka 1904 ilisikiliza Waafrika wenyewe. Miongoni mwao alikuwa Lontulu, mtawala wa Bolima, aliyeweka mezani vijiti 110, kila kimoja kikiwakilisha mtu wake aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Aliviainisha kwa mafungu, kisha akawataja marehemu kwa majina, kijiti baada ya kijiti.

Huu ulikuwa uwasilishaji wa hali ya juu. Takwimu za Morel zilikuwa na idadi bila majina. Slaidi ya Nsala ilikuwa na jina bila idadi. Vijiti vya Lontulu viliunganisha vyote viwili, na aliyeviwasilisha ndiye aliyefiwa. Ripoti ya tume ilichapishwa mwaka 1905, lakini ushahidi wa mashahidi haukuchapishwa pamoja nayo. Picha ilizunguka dunia. Sauti ilibaki kabatini.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2003, Edward Tufte alizilaumu slaidi za kompyuta kwa kukata hoja kuwa vipande visivyoonesha uhusiano wa chanzo na matokeo. Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba kasoro hiyo haitokani na slaidi yenyewe bali na kutoweka kwa simulizi inayoziunganisha. Vilevile inaonya kwamba simulizi yenye kushawishi yaweza kumtetea mtu na papo hapo kumnyamazisha. Mwandaaji wa slaidi, awe mwanaharakati au mtafiti mbele ya jopo, anapaswa kujiuliza maswali mawili: hadhira inaachiwa ikamilishe nini, na je, anayesimuliwa amepewa nafasi ya kuweka vijiti vyake mwenyewe mezani?